Nyumba ya Mkamuaji

Habari ya kifo cha mama yangu mdogo niliipata kwa muuza maziwa. Simu haikulia, maana siku hizo mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni pangu hapa Mulongwe, mjini Uvira, sufuria mkononi, nikimngojea yule bwana wa kinga anayetuletea maziwa kila asubuhi kutoka uwanda wa Ruzizi. Kinga, kwa mnaonisoma mkiwa mbali na ziwa letu, ni baiskeli. Alifika akiisukuma kwa mkono, na bidoni zake za maziwa zilikuwa zinagongana kwa utupu. Nikaanza kumfokea, kama mnavyonijua, kwamba watoto wa watu wataenda shule na chai ya rangi kwa ajili ya uvivu wake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Yaya, minye nilizani munajua," akasema, maana yaya kwetu ni kaka. "Mama yenu ya ku Runingu amekufa jana, mu santere ya afya. Tangu jana mangaribi hakuna muntu alikamula zile ngombe. Njo maana hakuna maziwa." Kisha akavua kofia. Nikamwambia aksanti, neno la kipumbavu kabisa kwa wakati kama ule, nikaingia ndani kutafuta viatu.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Zamani alikuwa na nyumba yake hapa hapa Mulongwe, chini kidogo ya kwangu, nyumba ya matofali mabichi aliyoachiwa na marehemu mume wake. Mto ulipofurika ukaingia mitaani, ulipita nayo nyumba ile, na kitanda, na cherehani, ukavipeleka vyote ziwani. Yeye na binti yake walipona kwa sababu walikuwa kanisani. Wakaja kukaa kwangu. Lakini mtu aliyezoea kufungua mlango wake mwenyewe hapati usingizi kwenye sebule ya mwingine, hata akiwa mtoto wa dada yake. Alikuwa anaamka kabla yetu sote na kukunja mkeka, ili tusimkute amelala, na jambo hilo liliniuma kila asubuhi. Nikimwambia, "Mama mudogo, lala, hapa ni kwako," ananijibu, "Kwangu iko mu ziwa." Na anacheka. Basi aliposikia kwamba kuna ferme moja, yaani shamba la ng'ombe, karibu na Runingu wanatafuta mwanamke wa kuosha vyombo vya maziwa, hakuomba ruhusa ya mtu. Alifunga kitenge chake, akamchukua binti yake, ambaye tayari alikuwa msichana mkubwa mwenye akili zake, wakapanda moto, yaani pikipiki, wakaenda.

Mwenye ferme ni mtu wa uwanda ule tangu mababu, ila yeye anaishi hapa mjini na ana duka lake. Ng'ombe anawaona Jumapili, baada ya ibada. Kule kwake kazi ziligawanywa kama zilivyogawanywa kwa watu wetu wote wanaofuga: mwanamume anakamua, mwanamke anaosha vibuyu na bidoni, anachota maji, anazoa mavi. Mwanamke hakamui ng'ombe. Ukiuliza kwa nini, mmoja atakwambia ng'ombe atakauka, mwingine atakwambia ndama atakufa, na wa tatu atakukasirikia kwa kuuliza. Hata mjini hapa, ambako watu wana simu za kugusa na wanajua bei ya dola kila asubuhi, nenda kawaambie wenye mikahawa kwamba maziwa ya leo yamekamuliwa na mama fulani. Utaona sura zao. Watayamwaga, hakyanani, au watakwambia hawahitaji leo.

Kazi ya kukamua kwenye ferme ile ilikuwa na heshima zake. Mkamuaji alikuwa anapewa maziwa ya Jumapili jioni, yote, awe anayanywa au anayauza. Na alikuwa na nyumba. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja tu, kando ya mlango wa zizi, lakini ni ya matofali ya kuchoma, ina bati, ina dirisha na mlango wa mbao wenye kufuli. Mwoshaji hana nyumba. Mama mdogo na binti yake walipewa kona kwenye banda la nyasi, pale majani makavu ya ng'ombe yanapowekwa, wakatundika shitingi ya plastiki ya kuzuia upepo. Mvua ilikuwa inaingia. Alinieleza haya bila kulalamika, mara ya kwanza aliporudi kutusalimia, huku akikohoa kidogo, akisema ni vumbi la majani.

Kisha risasi zikaanza kusikika uwandani. Sitaeleza ni za nani, mnajua wenyewe, na wanaojua zaidi wana sababu zao za kunyamaza. Mkamuaji alikimbia siku ile ile. Wala simlaumu. Huku kwetu kijana mwanamume akionekana njiani wakati kama huo anabebeshwa mizigo ya watu wenye silaha, au anaulizwa yuko upande gani, na majibu yote mawili ni mabaya. Alifunga nyumba yake, akampa mama mdogo ufunguo ampelekee patron, yule mwenye ferme, akavuka kuelekea Burundi. Ng'ombe wakabaki. Sasa wewe msomaji wa mjini pengine hujui kinachompata ng'ombe wa maziwa asipokamuliwa. Kiwele kinajaa, kinakuwa kigumu na cha moto, na mnyama analia kilio ambacho ukikisikia huwezi kula. Mama mdogo alikisikia kuanzia jioni mpaka asubuhi. Kulipokucha alinawa mikono, akamwambia binti yake amshike ndama, akachuchumaa. "Nilisema Mungu, kama ni zambi, utanihesabia pale mbele," aliniambia baadaye. "Lakini hii ngombe iko nalia. Muntu gani anaweza kuacha?"

Ng'ombe hawakukauka. Ndama hawakufa. Maziwa yakatoka, mengi kuliko ya yule kijana, kwa sababu yeye alikuwa na subira. Muuza maziwa akayachukua, akayaleta mjini, na patron akapiga simu kuuliza ni nani aliyekamua. Hapo ndipo mama mdogo alipoogopa. Akijibu ukweli, patron atamfukuza siku ile ile, na yeye na binti yake watarudi kwenye mkeka wa sebuleni kwangu. Akajibu: "Ni mutoto wa dada yangu. Amekuya kunisaidia."

Mtoto wa dada yake ni mimi. Mimi niliyezaliwa Mulongwe, ninayeandika mezani, ninayemwogopa hata mbuzi akinikazia macho! Nilipata habari za cheo changu kipya kutoka kwa muuza maziwa, aliyeniuliza mlangoni kwa dharau ya wazi kama ni kweli ninakamua asubuhi kule Runingu na bado nakutwa Mulongwe nimevaa pajama. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha mama mdogo akapiga simu. "Kuya Jumapili," akasema. "Patron anakuya kukuona, na bale bantu bake ba mikahawa."

"Kuniona mimi nikifanya nini?"

"Ukikamula."

"Mama mudogo, minye sijui kukamula!"

"Njo maana nakuambia uvae shati ya zamani."

Nilikwenda. Moto ilinipitisha kwenye vizuizi vya barabarani, ambapo kila kimoja kina watu wake na maswali yake, na nilifika uwandani mavazi yote yamekuwa rangi ya vumbi. Mama mdogo alinipokea kwa kunikagua kama mtu anayekwenda kuposa. Akanifundisha haraka haraka nyuma ya zizi: ndama ananyonya kwanza, kidogo tu, ili maziwa yashuke, kisha anavutwa pembeni na kufungwa karibu na kichwa cha mama yake, ng'ombe amlambe na kutulia, miguu ya nyuma inafungwa kamba, ndipo unakaa. Patron alifika na wateja wake wawili, wazee wa mikahawa, wakasimama mbali, kwenye uzio, kwa sababu hawakutaka kuchafua viatu vya kanisa. Huo ndio wokovu wetu. Nilikaa upande wao, mgongo wangu mpana umewaelekea, nikiwa nimekumbatia ndoo. Mama mdogo alichuchumaa upande wa pili wa ng'ombe, kwa kisingizio cha kumshika mkia na kumfukuzia nzi, akapitisha mikono chini ya tumbo. Nilitingisha mabega. Yeye akakamua. Sauti ya maziwa kwenye ndoo ilikuwa inasikika mpaka kwenye uzio, na wale wazee wakaanza kunisifu. "Huyu kijana ana mukono!" mmoja akasema. Ng'ombe mwenyewe aligeuza kichwa akaniangalia muda mrefu, wala hakuonekana kuridhika na mambo yale.

Wazee walipoondoka, patron alibaki. Si mjinga yule. Akaja mpaka kwenye ndoo, akaniomba nimwoneshe mikono yangu, akaigeuza, akaiangalia, kisha akamwomba mama mdogo aoneshe yake. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na povu la maziwa lilikuwa bado kwenye kiganja. Tulingoja. Nilijua kwamba kinachopimwa hapo ni mahali pa kulala pa mama yangu mdogo. Patron akatazama ng'ombe wake jinsi walivyotulia, akapiga hesabu zake. "Sawa," akasema. "Muendelee. Lakini minye sikuona kintu." Akaingia garini.

Tulifurahi siku ile, na furaha yetu ilikuwa ya kitoto. Mama mdogo alicheza kidogo pale pale kwenye mavi. Ilichukua muda kuona kwamba hatukushinda lolote. Tangu siku ile alifanya kazi ya mkamuaji, asubuhi na jioni, na kazi ya mwoshaji katikati, na jina lake likabaki mwoshaji. Maziwa ya Jumapili jioni patron aliyachukua yeye, kwa sababu mkamuaji, yaani mimi, sikuwa napatikana kuyapokea. Na nyumba ikabaki na kufuli. Kila jioni mama mdogo alikuwa anamaliza kukamua mbele ya mlango wa nyumba ya mkamuaji, anaosha vyombo vyake, kisha anazunguka nyuma kwenda kulala kwenye majani.

Msimu wa mvua ulipokuja, kikohozi kikashuka kifuani. Nikaenda dukani kwa patron, nikangoja wateja wapungue, nikamwomba nyumba ile. Nilijitayarisha kwa ubishi. Hakubisha. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda, akaniambia kwa upole: "Ile nyumba ni ya mukamuaji. Na mukamuaji ni weye. Kama unaitaka, kuya uikale, leo leo nakupa ufunguo." Nikamwambia, basi nipe ufunguo, nitaishi humo na mama mdogo. Akatikisa kichwa. Chumba kimoja, mwanamume mzima na mdogo wa mama yake, bantu batasema nini? Nikamwambia, basi akae yeye peke yake. Lo, hapo tena wateja watauliza, mbona nyumba ya mkamuaji ina mwanamke, na mkamuaji yuko wapi? Kila mlango niliougusa ulifungwa na uongo wetu wenyewe, naye hakuhitaji hata kuinua sauti. Nilitoka pale nikiwa na hasira iliyonikosesha hata kuona moto zinazopita. Nilipompelekea mama mdogo majibu hayo, nilitegemea atalia au atatukana. Alifikiri, akasema, "Sasa weye una nyumba mbili na minye sina hata moja. Umekuwa bwana mukubwa." Kisha akakohoa, akakohoa sana.

Nilimwambia arudi Mulongwe. Nilimwambia zaidi ya mara moja, na mke wangu alimwambia, na binti yake pia. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba akiondoka ng'ombe watalia. Nafikiri kulikuwa na jibu lingine ambalo hakulisema. Alikuwa anaitaka nyumba ile. Hakutaka kupewa kwa huruma. Aliitaka kwa sababu alikuwa ameifanyia kazi, na mtu aliyenyang'anywa nyumba na maji anataka safari hii aipate kwa mikono yake. Binti yake aliniambia kwamba alikuwa anapita pale dirishani akichungulia ndani, akisema kitanda angekiweka upande gani.

Nimeandika kwenye safu hii kwa muda mrefu kuhusu vita na bei na mafuriko, na nadhani kuna jambo nililipita kila siku bila kuligusa. Wanaume wetu wengi wamekimbia. Wengine wako ng'ambo ya mpaka, wengine migodini, wengine hatujui waliko. Kazi zao hazikukimbia. Tembea bandarini uone ni mgongo wa nani unaobeba magunia. Tembea ukingoni mwa ziwa uone ni nani anayenunua nyavu, anayewalipa wavuvi, anayelala macho akingoja pirogi zirudi. Kisha uliza pirogi ni ya nani, utatajiwa jina la mume aliyeondoka zamani na ambaye hata simu hapokei. Majina ya kazi yamebaki kwa walioondoka. Na kwetu jina la kazi si pambo. Linabeba nyumba, linabeba maziwa ya Jumapili, linabeba kiti kwenye kikao cha watu wazima. Anayefanya kazi bila jina lake anapata uchovu tu. Nasema haya kwa hasira, na sitaomba radhi.

Nirudi kwenye kilio. Nilipofika Runingu mchana ule, maiti ilikuwa imeshaletwa kutoka santere na sanduku lilikuwa limepatikana. Walikuwa wamelilaza nje, uani mwa ferme, chini ya shitingi iliyofungwa kwenye miti. Watu wa kijiji walikuwa wamejaa, na patron alikuwepo na wazee wake wa mikahawa, na lazima niseme ukweli kwamba alitoa kuni, sukari na mchele bila kusukumwa. Chai ilikuwa inazunguka, chai ya rangi. Na juu ya nyimbo, juu ya maombi, ng'ombe walikuwa wanalia. Tangu jana yake hawakukamuliwa. Ndama walifungwa, viwele vimejaa, na kila mara pasta alipofungua kinywa, mmoja alitoa sauti ndefu na watu wakageuka kutazama zizi. Binti ya marehemu alikuwa amekaa chini karibu na sanduku, na kila sauti ilikuwa inamtikisa mabega.

Pasta ni mgeni katika eneo lile, hajui mambo ya watu. Akauliza jambo la kawaida kabisa, kama desturi yetu inavyotaka: "Nyumba ya marehemu ni gani? Tumuingize, atoke kwa mulango yake, njo tumusindikize." Mjomba wangu, msemaji wa familia, akasimama akajibu kwamba marehemu hakuwa na nyumba, alikuwa mwoshaji wa vyombo hapa, mtumishi mwema wa Mungu, na kwamba hata hapa uani panatosha. Pasta akafunua kitabu chake kutafuta zaburi. Ng'ombe akalia tena, na mmoja wa wale wazee wa mikahawa, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia, akaninyooshea fimbo. "Lakini mukamuaji si ule pale? Anakaa bure! Aende akamule zile ngombe, zinaharibu kilio."

Watu wote wakanigeukia. Patron alikuwa karibu nami. Akaniinamia sikioni, akasema, "Enda tu. Ingia mu zizi, ukae kidogo. Bantu batanyamaza." Nilimwangalia yeye, nikaangalia sanduku. Nilikuwa nainuka, sijui kwenda zizini au kusema, na sijidai kwamba nilikuwa nimekwisha kuamua, lakini binti alinitangulia.

"Asiende," alisema. Alisimama, kitenge cha kichwani kimefunguka. "Atazitesa bure. Kaka yangu huyu hajui hata ngombe iko na chuchu ngapi." Wako waliocheka, kilioni, wakaziba midomo. Hakucheka yeye. "Ni mama alikamulaka. Asubuhi yote, mangaribi yote, tangu ule mwingine akimbie. Maziwa yote mulikunywa, pale Uvira, hapa Runingu, na weye muzee mu mukahawa yako, ilitoka mu mukono ya mama yangu. Kuna ngombe ilikauka? Kuna mutoto wenu alikufa?" Kisha akamgeukia patron, na sauti yake ikashuka, na nakwambieni afadhali angepiga kelele. "Papa, nyumba ya mukamuaji iko pale. Pasta anauliza nyumba ya mama ni gani. Umujibu."

Mzee wa fimbo aliinuka akatema mate, akatoka kwenye kilio na mwenziwe, wala hawakurudi. Wanawake kadhaa walinong'ona. Mama mmoja muuza mihogo, mtu mzima, akasema kwa sauti, bila kumtazama yeyote, kwamba maziwa yale yalimkuzia wajukuu na kwamba kama ni dhambi basi wajukuu wamenenepa kwa dhambi. Mjomba alikuwa anatazama chini. Nami nikasimama, maana kukaa kulikuwa kumenishinda, nikasema mbele ya wote kwamba ni kweli, mimi sijapata kukamua ng'ombe tangu nizaliwe. Lilikuwa jambo dogo, na nililisema kama mtu anayekiri wizi.

Hata pasta aliacha kufunua kurasa, na patron akautazama ule mlango wenye kufuli. Sijui kilichopita moyoni mwake. Pengine aliona aibu, pengine aliona kwamba siri imekwisha na haina faida tena. Sipendi kumpamba mtu wala kumpaka matope kwa lisilojulikana. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akampa binti. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, na ufunguo haukuzunguka mpaka lilipopigwa jiwe. Ndani mlikuwa na vumbi, buibui na kalenda ya yule kijana aliyekimbia. Wanawake wakafagia, wakamwaga maji, wakatandika mkeka. Tukamwingiza. Alilala humo kwa kitambo cha nyimbo chache, bati juu yake, ukuta wa matofali pande zote, na binti yake akaomba sanduku liwekwe upande wa dirisha, pale mama yake alipokuwa amechagua kuweka kitanda. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, na sikumjali mtu.

Tukamtoa kwa mlango wake, tukamzika. Tuliporudi kutoka makaburini jua lilikuwa limeanza kushuka juu ya milima. Patron alinyoosha mkono kwa binti, bila maneno, akitaka ufunguo wake. Binti alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kitenge. Aliuangalia ule mkono. "Ngombe inangoja, papa," akasema, akachukua ndoo, akaingia zizini mbele ya macho ya watu wote, akamfungulia ndama wa kwanza. Wengine waliondoka haraka ili wasione. Wengine walibaki kwenye uzio, na baada ya muda zizi likawa kimya.

Ninapoandika haya bado analala kwenye nyumba ile, na patron bado hajaudai tena ufunguo. Wale wazee wa mikahawa wameacha kununua, na muuza maziwa analalamika kwamba bidoni moja inarudi ikiwa imejaa. Huenda mwezi ujao patron akaleta kijana mwenye mikono ya kiume na kumrudisha binti kwenye majani. Sina ahadi ya kuwapa. Watu wa pale sasa wanapopita kaburini wanasema hapa amelala mkamuaji, wanalisema vizuri, kwa heshima, na kila ninaposikia nakasirika upya, kwa sababu neno lile lingemwondolea mvua kifuani kama lingesemwa mwaka mmoja mapema. Nanyi mnaonisoma mna watu wenu, nyumbani, dukani, shambani, mnaokula jasho lao huku jina la kazi yao mkimwekea mwingine. Mnawajua, msijifanye. Nendeni mkawaite kwa kazi yao wakati bado wanaweza kuitika.